Kikohozi cha Mnyapara Jalis

Kikohozi kilitangulia. Kilikuja mara mbili, kikavu, kikohozi cha mtu ambaye mapafu yake yamekula vumbi la pamba tangu ujanani. Kisha koo likasafishwa, na kikafuata kimya kifupi ambacho Kamrun alikijua kama anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Ndipo sauti ya Mnyapara Jalis ikapenya ukuta wa mabati.

“Iltifat alikuwa kwenye zamu yangu. Tangu asubuhi. Boila lilikuwa linalia vibaya, mimi ndiye niliyemwambia aingie chini akaangalie. Nilimwambia mimi. Haya, rekodi hivyo hivyo, kijana. Nilimwambia mimi.”

Upande wa pili wa ukuta wanawake waliguna kwa pamoja. Mmoja akamtaja Mola. Batul, jirani mwenye televisheni, akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, na kikohozi kikaanza upya.

Kamrun aliendelea kuzungusha gurudumu la kukunjia uzi. Tangu aingie eda ya mumewe, Iltifat, hakuwa ametoka nje ya mlango, na kazi ya kukunja uzi ilimfuata humo humo chumbani, kikapu asubuhi, kikapu jioni. Mkono ulizunguka wenyewe. Uzi ulipokatika aliufunga, ulipokatika tena aliufunga tena, na hakuna mahali popote ndani yake palipouma. Alikuwa amejaribu kupatafuta. Usiku mmoja alijifinya paja mpaka pakavilia damu, akalala.

“Batul!” mama mkwe wake, Hafizan, alipiga kelele kutoka jikoni. “Zima hicho chombo! Kila ukikiwasha mwanangu anakufa upya!”

“Nazima, dada, nazima! Ni hawa wageni wametoka mtaa wa kisima, hawajawahi kuona!”

“Waambie hapa si sinema!”

“Nimewapa na chai, dada! Sukari yangu mwenyewe!”

Batul ndiye aliyekuwa mtu pekee aliyeirekodi habari ile. King'amuzi chake kilikuwa kipya, na jioni ile alikuwa amechomeka flashi ili anase tamthilia ya mama mkwe mwovu asije akaikosa kwa sababu ya kupika. Badala ya tamthilia, kituo cha mjini kikarusha moja kwa moja kutoka kwenye karakana ya tajiri Seth Mahfuz, mahali nyuzi zinapotiwa wanga kabla ya kwenda kwenye mitambo ya kufumia. Boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, lilikuwa limepasuka. Mabati ya paa yalikuwa barabarani. Kijana wa kituo alikuwa akikimbia na kipaza sauti, akamdaka mtu wa kwanza aliyemwona amesimama kwa miguu yake, na mtu huyo alikuwa Jalis, uso mweupe wa wanga, anatetemeka, anasema kweli kwa sababu alikuwa hajapata nafasi ya kufikiri.

Nafasi hiyo aliipata baadaye. Zilipopita siku za msiba, Seth Mahfuz alisema marehemu hakuwa mfanyakazi wake. Alikuwa mpita njia. Alikuja kuomba ndoo ya maji ya moto ya kuogea, kama wanavyokuja wengi wa mtaani, na kudra ya Mungu ikamkuta hapo. Jalis naye akaulizwa, akatazama viatu vyake, akasema ndivyo.

“Maji ya moto!” Hafizan alikuwa akirudia kila alipokumbuka. “Mwanangu alikuwa anaoga maji ya bomba kwenye baridi ya mwezi wa kwanza, anaimba! Maji ya moto ya nini?”

Seth alikuwa ameleta na gunia la unga na bahasha. Mtu wake alisimama mlangoni akasema kwa adabu kubwa kwamba hii ni sadaka ya Seth kwa familia ya mpita njia. Hafizan alitaka kuirusha bahasha mtaroni. Kamrun, kutoka nyuma ya pazia, alisema: “Bahasha irudi. Unga ubaki, watoto wanakula.” Walikuwa wakiula unga huo mpaka leo. Ulikuwa mzuri, haukuwa na wadudu.

*

Karani wa Ofisi ya Kazi alikuja mwenyewe na barua, mtu mwembamba aliyekuwa na haraka. Alizungumza na Hafizan mlangoni, na Kamrun akasikiliza kutoka ndani.

“Shauri la fidia litasikilizwa eda ikishakwisha, Bwana Khairnar, mwamuzi wetu, ameliangalia hilo. Mna shahidi?”

“Tuna maneno ya mnyapara mwenyewe,” Hafizan alisema. “Yamo kwenye flashi ya Batul.”

“Flashi hatupokei, mama. Flashi zinaleta virusi, mwaka jana zimetuulia kompyuta mbili. Tena hayo mafaili ya ving'amuzi hayafunguki kwetu. Mkachomeshe DVD. DVD ya kawaida, inayocheza kwenye mashine yoyote. Mkija na DVD, bwana ataitazama.”

Alipoondoka, Kamrun alimwita mama mkwe wake akamkalisha mbele yake. Alimpa flashi ikiwa imefungwa kwenye kona ya leso.

“Mama, utampelekea Atiq wa studio. Yule aliyepiga picha harusi yetu. Mwambie tunataka hiki kilichomo humu kigeuzwe kiwe DVD, kama kilivyo. Asikate kitu. Sikiliza, mama. Asikate kitu, asiongeze kitu.”

“Asikate, asiongeze.”

“Ni kwa ajili ya ofisi.”

“Nimekusikia, mkamwana. Nimezeeka miguu, sijazeeka masikio.”

Hapakuwa na budi. Kamrun mwenyewe hakuweza kutoka, na Batul alikuwa hawezi kusimama mbele ya mwanamume kwa dakika moja bila kumsimulia tamthilia. Hafizan alivaa buibui lake, akaenda na fimbo yake, akarudi na macho mekundu na uso uliotulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Mtoto wa watu yule, Mungu ampe,” alisema. “Alipoiwasha tu ile picha, nikamwona mwanangu kwenye machela, kandambili moja mguuni, moja haipo. Nikashindwa. Atiq akazima, akanikalisha, akaniagizia chai. Akasema mama, usiseme neno, niachie mimi, najua unachokitaka. Hela amekataa! Nimemsukumia, akaniambia Iltifat alikuwa kaka yake.”

“Ulimwambia asikate kitu?”

Hafizan alifikiri. Alikuwa mtu mkweli.

“Nililia, mkamwana,” alisema. “Nadhani nililia tu.”

DVD ilikuja baada ya siku chache, mikononi mwa Hafizan tena. Ilikuwa ndani ya jalada la plastiki lenye picha ya waridi na kuba la kijani, na jina la Iltifat limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mashine ya DVD hawakuwa nayo, wala Batul. Flashi ilirudi pia. Batul akaichomeka, king'amuzi kikafikiri kwa muda mrefu, kisha kikaandika kwamba hakikuti kitu cha kuonyesha.

“Labda imechoka,” Batul alisema. “Vitu hivi huchoka.”

Tangu siku hiyo sauti ya Jalis haikusikika tena kupitia ukutani. Kamrun alilitazama waridi lile kwenye jalada, akaiweka DVD juu ya kabati la bati, akaifunika kwa kitambaa. Akarudi kwenye uzi wake. Palikuwa na siku za kungoja, naye akazingoja.

*

Siku eda ilipokwisha, wanawake walikuja asubuhi, wakamwogesha, wakamvalisha nguo safi, wakamtoa hadi kizingitini. Jua lilimwingia machoni. Mitambo ilikuwa inanguruma kila nyumba, mtaa mzima ukitikisika chini ya nyayo, na Kamrun alisimama akaona kwamba hakuna kilichosimama kumngojea. Hata hilo halikumuuma. Wanawake walikuwa bado wanakunywa chai yake alipochukua DVD akaenda kwa Atiq.

Studio ilikuwa katikati ya fundi cherehani na muuza tambuu. Dirishani kulikuwa na picha za mabwana harusi wamevaa vilemba, nyuso zao zimepaushwa mpaka wote wakafanana. Atiq aliinuka haraka, akapangusa kiti kwa mkono wa shati. Alikuwa kijana mnene, na macho yake yalilowa upesi.

“Shemeji! Umekuja mwenyewe! Karibu, karibu. Mama aliipenda?”

“Hatuna mashine. Nataka kuiona.”

“Keti. Keti hapa mbele.”

Alizima taa kama anavyofanya kwa wateja wa harusi. Kwanza kioo kilikuwa cheusi, kisha jina la Iltifat likajiandika taratibu kwa dhahabu, herufi moja moja. Kisha ukaanza wimbo. Sauti ya mwanamume mwenye huzuni iliimba juu ya nyumba iliyobaki bila taa, vinanda vikamfuata, na katikati ya vinanda hivyo karakana ya Seth Mahfuz ikatokea, moshi, mabati, watu wanakimbia pole pole kwa sababu Atiq alikuwa amewapunguza mwendo. Maua ya waridi yalianza kunyesha kutoka juu ya kioo. Yalinyesha juu ya moshi, juu ya machela, juu ya ile kandambili moja. Halafu Jalis akaja, uso mweupe, akainamisha kichwa mara mbili, mabega yakaruka. Akafungua mdomo. Mwimbaji akaimba.

Mdomo wa Jalis ulikwenda na ukaenda, na ua moja likapita mbele yake polepole, likashuka.

“Sauti iko wapi?” Kamrun aliuliza.

“Ndiyo hii, shemeji. Nimeuchagua mwenyewe. Mama zangu wote wakija na picha za marehemu huu ndio—”

“Sauti ya Jalis.”

Atiq alisimamisha picha. Jalis akabaki amefungua mdomo.

“Ile niliitoa,” alisema. “Ilikuwa chafu mno, shemeji. Ving'ora, watu wanapiga mayowe, huyu mzee anakohoa... Ngoja nikueleze. Faili la king'amuzi ni kama uzi uliosokotwa. Picha na sauti zimesokotwa pamoja, na katikati mna takataka za kituo. DVD haili hivyo. Lazima usokotoe kwanza, picha kando, sauti kando. Unaigeuza picha iwe ya DVD, unaigeuza na sauti, halafu unazifunga upya ndipo unachoma. Sasa nilipofika hapo, picha kando, sauti kando, nikajiuliza, sauti hii ya mayowe nimrudishie mama mzazi ya nini? Nikafunga picha na wimbo.”

“Ile sauti uliyoiweka kando iko wapi?”

Hapo Atiq akaanza kuelewa. Uso wake ulielewa kabla yake.

“Shemeji, huu ni msimu wa harusi. Faili za televisheni ni kubwa, kompyuta ilikuwa imejaa...”

“Na flashi?”

“Niliisafisha. Niliweka filamu hii hii humo, kama zawadi. Ili muwe nazo mbili.”

Alikaa chini. Kamrun akamweleza, kwa sentensi fupi, kama anayeagiza vitu dukani: kwamba yule mzee anayekohoa ni mnyapara, alichosema ni nini, anachosema sasa ni nini, kesho kuna nini. Atiq aliweka viganja viwili kichwani, akavitoa, akaviweka tena.

“Hakuna mtu aliyewahi kuja hapa kutafuta maneno,” alisema. “Wallahi, shemeji. Wanakuja kutafuta uso.”

Alipiga simu kituo cha televisheni palepale. Kituo hutunza habari wiki moja, kisha hurekodi juu yake. Tena aliyepokea simu alimkumbusha Atiq, kirafiki tu, ni nani anayetangaza biashara yake kabla ya kila taarifa ya habari. Atiq aliweka simu chini. Kisha akajongea mbele, akashusha sauti.

“Sikiliza. Nina Munir. Unamjua Munir? Hizi filamu za vichekesho zinazotengenezwa hapa mjini, sauti zote ni zake. Anaigiza nyota wote wakubwa, anaigiza na waheshimiwa, mama wa mheshimiwa mmoja alidanganyika. Mpe nusu saa na Jalis pale kwenye duka la chai, jioni atakuwa Jalis. Nachukua maneno kutoka kwako, neno kwa neno, Munir anayasema, mimi nayabandika hapa mdomoni. Hakuna mtu atakayejua. Na tena si uongo! Ni yaleyale aliyoyasema!”

Kamrun aliutazama ule mdomo uliofunguka kwenye kioo. Lilikuwa jambo jepesi sana. Lilikuwa karibu kama kikombe kilicho mezani.

“Na kikohozi atakiweza?” aliuliza.

“Munir? Atakohoa mpaka umpe dawa!”

Hakucheka, wala hakukasirika. Alilipima lile jambo kama anavyopima kitambaa, akilivuta huku na huku.

“Hapana,” alisema. “Leo Jalis ni mwongo. Nikimbandika sauti ya bandia, kesho atasimama mbele ya bwana aseme hii si sauti yangu, na atakuwa anasema kweli. Sitampa hiyo nafasi. Toa wimbo.”

“Nitoe...?”

“Toa wimbo. Rudisha watu kwenye mwendo wao. Toa maua.”

“Mwendo nitaurudisha. Maua siwezi, shemeji, yameshaingia ndani ya picha, ya mwanzo sinayo. Na nikitoa wimbo patabaki kimya.”

“Basi pabaki kimya.”

Atiq aligeukia kompyuta, akaanza kazi. Mashine ya kuchomea ilinong'ona kwa muda, ikatema DVD ikiwa bado ina joto. Safari hii hakuiweka kwenye jalada la waridi. Aliitia kwenye bahasha nyeupe, akaitoa kwa mikono miwili. Kamrun akatoa hela kwenye kona ya leso akaziweka juu ya meza.

“Shemeji, usinifanyie hivyo.”

“Ile ya kwanza ulitoa bure,” Kamrun alisema. “Hii nanunua.”

*

Ofisi ya Kazi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea, na chumba kizima kilinuka mbolea. Bwana Khairnar alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kulia kwake alikaa wakili wa Seth Mahfuz, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Seth mwenyewe hakuja. Alikuwa na shughuli. Jalis alikuwa amesimama ukutani amevaa shati jipya, lenye mikunjo ya dukani. Kamrun aliketi na mama mkwe wake kwenye benchi. Hafizan alikuwa ameambiwa usiku kwamba sauti imepotea.

Karani alisukuma DVD ndani ya mashine. Karakana ikatokea kwenye televisheni ndogo iliyokuwa juu ya kabati la mafaili. Kimya. Watu walikimbia kimya, moshi ulipanda kimya. Maua ya waridi yakaanza kunyesha.

Karani aliziba mdomo. Wakili hakuziba.

“Samahani, mheshimiwa,” alisema, “tumekuja kwenye shauri la fidia au kwenye harusi?”

“Sauti,” Bwana Khairnar alimwambia karani. “Ongeza sauti.”

“Nimeongeza mpaka mwisho, bwana. Haina.”

Bwana Khairnar alimgeukia Kamrun. “Mama, hii DVD haina sauti.”

“Ilikuwa nayo,” Kamrun alisema. “Iliondolewa kwa huruma.”

Wakili alianza kucheka, akaona kwamba hakuna anayemfuata, akafunua karatasi. Kwenye kioo Jalis alikuwa ameingia, mweupe wa wanga. Mabega yake yakaruka.

Kamrun akakohoa. Mara mbili, kikavu. Akasafisha koo. Akangoja kimya kile kifupi, kimya chenyewe, kwa urefu wake wenyewe, na mdomo wa Jalis ulipofunguka akafungua wake.

“Iltifat alikuwa kwenye zamu yangu,” alisema. “Tangu asubuhi. Boila lilikuwa linalia vibaya, mimi ndiye niliyemwambia aingie chini akaangalie.”

Hakuitazama televisheni. Hakuwa na haja. Alikuwa ameisikia kupitia bati mpaka ikawa pumzi yake. Alikuwa anamtazama Jalis wa ukutani. Na Bwana Khairnar, aliyekuwa akitazama kioo, alivua miwani, akaivaa tena, kwa maana maneno yalikuwa yanakaa juu ya ile midomo barabara, yanapanda nayo, yanafunga nayo, na ua lilipopita mbele ya mdomo sauti haikukatika.

“Nilimwambia mimi. Haya, rekodi hivyo hivyo, kijana. Nilimwambia mimi.”

Hafizan alikuwa anatikisika kwenye benchi. Kamrun alikaa kama alivyokaa, mikono juu ya magoti, sauti yake haina chumvi wala sukari.

Karani alisahau kuzima. Picha ikaendelea, moshi ukafifia, na mwisho ambao jana Kamrun hakuufikia ukaja. Atiq alikuwa amefungia filamu yake kwa kipande cha harusi. Iltifat alikuwa amekaa chini ya shada la maua ya kweli, kilemba kimemlegea, ameshika kitu kitamu baina ya vidole viwili, anamlisha mtu ambaye uso wake umefunikwa. Mtu huyo alikuwa anakataa. Iltifat alikuwa anacheka mdomo wazi, anageuka kwa rafiki zake, anasema kitu. Alikuwa amesema nini? Kamrun alitafuta. Ya Jalis yote alikuwa nayo, mpaka kikohozi. Hili la mumewe, lililosemwa karibu kabisa na sikio lake, hakulipata. Alitafuta mpaka kioo kikawa cheusi.

Karani akazima mashine.

“Mnyapara,” Bwana Khairnar alisema mwishowe. “Hayo ndiyo uliyoyasema?”

Jalis alitazama viatu vyake. Navyo vilikuwa vipya.

“Siku nyingi, bwana. Palikuwa na moshi. Mtu kwenye moshi husema chochote.”

“Sikukuuliza habari za moshi.”

“Sikumbuki, bwana.”

“Mheshimiwa,” wakili alisema, “mjane tumempa pole. Lakini kuigiza si kielelezo.”

“Najua kielelezo ni nini.” Bwana Khairnar aliishika kalamu, akaiweka. Alimgeukia Kamrun, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. “Mama, niandike nini hapa? Midomo? Siwezi kuandika midomo. Mumeo hana barua ya ajira, hana kitambulisho cha karakana, hakuna kati yenu huku mtaani aliye navyo. Ninaloweza ni kuahirisha. Shahidi akikumbuka, aje akumbuke mbele yangu. Asipokumbuka, nitalifunga. Nenda nyumbani.”

Karani akamrudishia DVD. Alikuwa ameifuta kwa leso yake mwenyewe.

*

Waliteremka ngazi polepole kwa sababu ya miguu ya Hafizan. Chini, mbele ya duka la mbolea, Kamrun alimkalisha juu ya gunia apumzike. Ndipo kikohozi kikatokea nyuma yao, ngazini. Kilikuwa kikubwa kuliko cha kwenye flashi, na kilikuwa na unyevu.

Jalis alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Aliangalia juu kama wakili anakuja, akaangalia barabarani.

“Dada Kamrun,” alisema. “Usinitazame hivyo. Nina mabinti wawili wa kuoza. Mapafu haya, nani mwingine atanipa kazi? Seth akisema neno moja, hakuna karakana itakayonifungulia lango hapa mjini. Iltifat mwenyewe angenielewa.”

“Iltifat hakupata nafasi ya kukuelewa,” Hafizan alisema kutoka kwenye gunia. “Ulimtuma.”

“Mama, mimi...”

“Shati zuri,” Hafizan alisema.

Jalis aliishika kola ya lile shati kama inayomkaba. Alikuwa mtu wa nyumba ya pili kutoka msikitini, mtu aliyewahi kumbeba Iltifat mabegani wakati wa Idi, akiwa mtoto. Kamrun aliyajua yote hayo. Aliyapanga mbele yake na bado ganzi haikutoka, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba inafaa. Mtu anayeumia angepiga kelele, angelia, angechoka, angekwenda kulala. Yeye hakuwa amechoka hata kidogo.

“Umenunua mashine ya DVD,” alisema. “Mkeo alimwambia Batul.”

Jalis akaiachia kola.

“Ijumaa mitambo yote inazimwa. Mji unakuwa kimya, mtu anasikia mpaka kijiko cha jirani. Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini, nitakuja kwako. Nitakuja na DVD hii. Nitamsalimia mkeo, nitawasalimia mabinti zako, nitaketi chini. Nikikataliwa ndani, nitaketi kizingitini. Sitalia, kaka Jalis. Sitakutukana wala sitakulaani. Tutaitazama pamoja, nyumba nzima, na ukifungua mdomo pale kwenye kioo mimi nitasema.”

“Dada, usinifanyie hivi mbele ya watoto wangu.”

“Bwana amesema aje shahidi akumbuke. Basi nitakukumbusha.” Alimnyanyua mama mkwe wake kutoka kwenye gunia, akampangusa mbolea mgongoni, akamwekea fimbo mkononi. Kisha akamgeukia Jalis tena, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia ghorofani, tambarare, haipandi wala haishuki. “Nakuahidi, mbele ya mama huyu. Nitakuja Ijumaa hii, na ijayo, na itakayofuata. Nitakohoa, nitasafisha koo, nitangoja kidogo. Na nitakuja hivyo hivyo mpaka Ijumaa ile nitakayofungua mdomo nikute wewe umeshanitangulia.”